Mzee T., Ukurasa wa 143

Namswea, Mbinga
11 Machi 2013

Mpwa wangu Restituta,

Marahaba. Naijibu kabisa shikamoo ambayo haijafika tangu Krismasi, maana naamini iko njiani, na posta yetu unaijua. Sisi hapa wazima. Goti la mama Tobias limepungua. Sasa linauma siku za kazi tu, Jumapili linatembea vizuri hadi kanisani na kurudi. Kaka yako Tobias amejenga banda la kukaushia kahawa kule kwenye shamba la ng'ambo ya kijito, na amelipaka rangi, heshima ambayo hata nyumba anayolala hajawahi kuipa. Mama yako alipita Jumatano, akaniuliza kama umeandika. Nikasema umeandika. Nisaidie hilo lisibaki uongo.

Tulisikia umevaa joho. Padre alitangaza baada ya komunyo kwamba mtoto wetu amepata shahada ya pili kwa kuandika juu ya ngolo, yale mashimo ya kulimia mlimani ya Wamatengo. Watu walipiga makofi, mimi nikasimama kuyapokea, kwa sababu wewe hukuwepo na mashimo yenyewe nimeyachimba mimi.

Sasa neno. Jumamosi alikuja kijana na pikipiki, akaniamkia vizuri.

"Mimi Aidan, mjukuu wa Bibi Kunigunda wa Lipingo. Nafundisha sekondari, Mbamba Bay."

Nikamkaribisha. Nikauliza habari za ziwa, nikauliza habari za bibi, nikauliza habari za barabara. Nilikuwa naishiwa habari za kuuliza alipotoa karatasi kwenye begi.

"Mzee, huyu Mzee T. ni nani?"

Nikamwambia Namswea akina T ni wengi. Tuna Tarsisi, tuna Tobias, tuna mpaka Tadei wawili.

"Hapa imeandikwa: Mzee T., mkulima, miaka sitini na minane, ndugu wa mtafiti upande wa mama. Hao nao mko wangapi?"

Nilisema nitaulizia. Akaniachia nakala ya ukurasa mmoja, wa 143. Maelezo ni ya Kiingereza, lakini maneno ya huyo mzee umeyaacha kwa Kiswahili chake, na Kiswahili hicho nakifahamu.

Mwaka ule uliponihoji uliniambia kitabu chako kitasomwa na watu watatu, profesa wako, msahihishaji wa chuo kingine, na mtu wa maktaba atakayekifuta vumbi. Huyu Aidan ni yupi kati ya hao?

Nijibu kwa barua. Simu hapa inashika juu ya kichuguu cha akina Bernadi tu, na pale huwa tuko foleni.

Mjomba wako,
Tadei


Dar es Salaam
2 Aprili 2013

Mjomba Tadei,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Baada ya mahafali nilipata kazi ya muda hapahapa chuoni, na nimeomba nafasi ya masomo ya udaktari, kwa hiyo siku zinakimbia. Afya ni njema, joto tu. Mpe pole mama Tobias, mwambie dawa ya kuchua nimempa mtu wa basi la Songea.

Kuhusu kijana Aidan. Mjomba, siku hizi chuo kina hazina ya kazi za utafiti kwenye mtandao. Zamani tasnifu ilikaa kabatini, na mkulima aliyetoa maarifa yake hakuiona tena. Sasa mtu yeyote mwenye kompyuta, awe Mbamba Bay au Japani, anaisoma bure bila kumwomba mtu ruhusa. Nilipofikiria kwamba ngolo zetu zinasomwa na dunia nzima, nilifurahi kwa niaba yako. Kuna profesa wa nje ameniandikia akisema sura ya tano ni ya kipekee.

Kuweka tasnifu huko ni utaratibu wa chuo, si mimi. Na jina lako sikuliandika popote, nililinda siri ya watoa taarifa wote kama sheria za utafiti zinavyotaka.

Sidhani kama karatasi ya mtandaoni inaweza kuleta shida kijijini. Lakini nitauliza maktaba.

Mama yangu usimwambie kwanza, presha yake unaijua.

Mpwa wako,
Restituta


Namswea
29 Aprili 2013

Mpwa wangu,

Marahaba. Dawa imefika, chupa ikiwa nusu. Naona dereva naye ana goti. Mvua zinaelekea ukingoni, mahindi yamebeba. Mbuzi wetu mweusi amezaa pacha na kawakataa wote wawili. Nyumbani salama.

Barua yako niliielewa mpaka mahali pa hazina. Mimi nimeishia darasa la nne, mengine nimejifundisha kwa kuchungulia. Nikaona nikachungulie. Nilipanda gari nikaenda Mbinga mjini, kwenye lile duka la intaneti karibu na stendi. Kuna binti anaitwa Marselina.

"Tukusaidie nini, mzee?"

"Natafuta mtu."

"Nani?"

"Mimi."

Akanisogelea kidogo anuse kama nimepitia kilabuni. Nilipomtajia jina lako alikitoa kitabu chote kabla sijamaliza kukaa. Nilijiona. Kuna ramani ya mlima wetu, shamba la ng'ambo limepigwa mistari. Kuna picha yangu nikichimba ngolo, imepigwa kwa nyuma. Jina ulificha, mgongo ukauonyesha. Huu mgongo hapa unajulikana hadi na wale mbuzi.

Marselina akasema kitabu kimefunguliwa mara mia mbili na kumi na saba. Restituta, mimi nilikuwa namwogopa mtu mmoja.

Sasa twende jikoni kwangu, Agosti 2010. Tulikuwa tunamenya viazi. Nilikuambia, "Hili, zima." Ukazima kimashine chako cha kunasa sauti, ukakiweka mezani, ile taa nyekundu ikalala. Ndipo nikakueleza habari ya shamba la ng'ambo, kwa sababu nilijua aliyebaki pale ni mtoto wa dada yangu Luisa. Sikujua mtafiti alikuwa bado amekaa.

Hujasema lolote kuhusu kile kimashine.

Na jambo jingine. Marselina ana moyo wa kusoma, alishuka mpaka chini kabisa kwenye maelekezo ya wanaoweka kazi zao. Akanitafsiria. Mwandishi anapewa fomu achague mojawapo: kazi ifunguliwe kwa wote mara moja, au ifungwe kwa miaka mitatu, au isomwe ndani ya chuo tu. Kwenye kazi yako imeandikwa kwa wote mara moja. Nani aliyeijaza fomu hiyo?

Aidan amefungua shauri Baraza la Ardhi la Kata. Wanataka shamba lao. Ushahidi wao ni mimi.

Sikuombi mengi. Njoo siku ya baraza, simama, useme kwa mdomo wako kwamba ulichanganya watu, kwamba Mzee T. ni wa kijiji kingine. Neno moja tu, kisha urudi kwenye joto lako. Tobias hajui lolote. Yeye anaamini shamba lile babu yake Ignatio alilifyeka mwenyewe, kwa sababu ndivyo nilivyomwambia.

Mjomba wako,
Tadei


Dar es Salaam
20 Juni 2013

Mjomba,

Shikamoo. Pole na majukumu. Nilichelewa kujibu kwa sababu kila nilipoanza nilichana.

Nimeulizia kwa mtu anayejua sheria za chuo, bila kutaja majina. Nikisimama barazani na kusema sikuandika ukweli, hiyo ni kughushi data. Chuo wakisikia wanaweza kuifuta shahada, na ile nafasi ya udaktari ndiyo basi. Majibu yake yanatoka Novemba. Miaka yote sita, mjomba, na mama yangu alivyohangaika.

Nauli pia si shida, usifikiri ni nauli. Kazini hawatoi ruhusa.

Niulize kitu, na usikasirike. Yale maneno ya ukurasa wa 143, kwani ni uongo?

Wasalimie wote. Nafurahi kusikia mbuzi amezaa.

Restituta


Namswea
7 Julai 2013

Restituta,

Hujambo. Sisi wazima. Mbuzi pacha mmoja amekufa.

Baraza ni Alhamisi, tarehe 12 Septemba, saa nne, ofisi ya kata. Nimekuandikia siku na saa ili usije ukasema hukuambiwa. Mimi sitauliza tena.

Tadei


Dar es Salaam
30 Septemba 2013

Mjomba wangu,

Shikamoo sana. Sijapata neno lolote tangu tarehe 12. Nikimpigia mama anasema yuko shambani, hata saa mbili usiku yuko shambani. Tobias amekata simu mara tatu. Naomba nielezwe tu ilivyokuwa, hata kama ni kwa kunifokea.

Restituta


Namswea
19 Oktoba 2013

Restituta,

Salamu zimefika. Nyumbani afya ipo. Mengine yasome mwenyewe.

Nilijiandaa kukana. Lazima ulijue hilo, usije ukanipamba huko kwenye vitabu vyako. Majuma mawili nilikuwa nafanya mazoezi zizini. Nilikuwa na maneno mazuri: kwamba vijana wa chuo wanaandika chochote wapate joho, kwamba mpwa wangu toka utotoni alipenda kutunga. Ndiyo, nilikuwa tayari kukuita mwongo mbele ya kata nzima. Ulinikabidhi mchana kweupe, nikaona na mimi nikuuze kwa bei ileile.

Tulifika wengi. Wajumbe sita, mwenyekiti Mzee Tarsisi, Tobias ameketi pembeni yangu na shati la harusi. Wa Lipingo walipanda na gari la asubuhi kutoka Mbamba Bay, Aidan na wajomba zake, na katikati yao Bibi Kunigunda. Sikutegemea kwamba bado anaweza kupanda mlima. Ana miaka themanini na kitu, amekuwa mdogo kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Nikamwamkia. "Marahaba, Tadei," akasema, kama vile tuliachana jana.

Aidan akaomba kusoma. Akasoma polepole, kimwalimu, huku akitazama darasa. Unayajua, uliyaandika, lakini hujawahi kuyasikia yakisomwa mbele ya wenyewe:

"Shamba la ng'ambo si letu. Baba aliazimwa mwaka sabini na nne, Nathanieli alipohamia ziwani kwa wakwe zake. Masharti yalikuwa ngolo tu, mahindi na maharage, usipande mti. Kila mavuno sisi tunashusha debe la maharage, wao wanapandisha usipa, dagaa wa ziwani, ndiyo alama kwamba ardhi ina mwenyewe. Nathanieli akafa, baba naye akafa. Biashara ya kahawa ilipofunguliwa, wanunuzi wa kila namna wakaja na malori, nikapanda miche kule, na maharage nikaacha kupeleka. Mjane wa Nathanieli aliendelea kuleta usipa miaka minne. Tulikula. Mke wangu aliniuliza tunarudisha nini, nikamwambia tukinyamaza watachoka."

Na mabano ukaweka: anacheka.

Restituta, kweli nilicheka. Lakini nilicheka mbele yako, jikoni, kama mtu anavyocheka aibu yake mbele ya damu yake. Kule ofisini kicheko hicho kilisikika vingine.

Mzee Tarsisi akaniuliza, "Tadei, haya ni maneno yako?"

Nikasimama. Nikakohoa. Yale maneno ya zizini nilikuwa nayo yote mdomoni. Bibi Kunigunda akainua mkono, akaomba aulize yeye kwanza.

"Tadei. Wale usipa walikuwa wazuri?"

Hakuuliza kwa kejeli. Nilimtazama vizuri nitafute kejeli, ningeipata ningepona. Aliuliza kama mwanamke aliyeanika samaki juani siku mbili, akawafunga kwenye majani, akampa mtu wa kupanda mlima, na hakuwahi kuambiwa kama walifika salama.

Nikasema, "Walikuwa wazuri, mama."

Mzee Tarsisi akamwambia karani, "Andika." Baada ya hapo hakuna aliyeniuliza kitu.

Tobias amepewa avune msimu mmoja ujao, kisha shamba linarudi Lipingo, pamoja na kahawa yote, kwa sababu mti uliopandwa kinyume cha masharti unamfuata mwenye ardhi. Njia nzima ya kurudi Tobias alitangulia hatua ishirini mbele yangu. Nilipofika nyumbani alikuwa ameshahamishia godoro kwa wakwe zake. Mama Tobias ananipikia, anaweka chakula, anaondoka.

Mimi nilimdanganya Bibi Kunigunda miaka ishirini, na Tobias maisha yake yote. Nimelipwa, sina la kulalamika. Kwa hiyo ulipoandika "kwani ni uongo?" ulikuwa umenipata barabara. Ila hilo lilikuwa swali la hakimu, na mimi barua nilimpelekea mpwa wangu.

Ile fomu hujanijibu mpaka leo.

Tadei


Dar es Salaam
5 Desemba 2013

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nimelia nilipoisoma barua yako, nikaenda kuomba kanisani. Nasikitika sana kwa kilichotokea. Pole kwa Tobias, pole kwa mama Tobias. Nimejifunza mengi.

Nimeongea na watu wa maktaba. Wanasema kwa maombi maalumu ukurasa wa 143 unaweza kufungwa, au tasnifu yote ikatolewa kwenye hazina kwa muda. Nikipata ridhaa yako kwa maandishi nitaanza taratibu mara moja. Hayo mambo ya fomu yalifanyika haraka wakati ule, kulikuwa na makaratasi mengi ya kusaini, sikumbuki vizuri.

Habari njema ni kwamba nafasi ya udaktari nimepata. Nitatafiti mabadiliko ya mvua katika milima ya Umatengo. Profesa anasema hakuna vipimo vya muda mrefu vya huko, na nikamwambia kuna mtu ana madaftari ya mvua ya kila siku tangu mwaka 1982, mvua ikipimwa kwa kopo alilopewa na bwana shamba. Alishangaa mno. Unakumbuka ulisema siku moja yatakuwa yangu. Safari hii jina lako litaandikwa wazi, na utasaini mwenyewe kila kitu. Naweza kuja Februari kuyachukua?

Nakutakieni Noeli njema.

Mpwa wako akupendaye,
Restituta


Namswea
17 Januari 2014

Restituta,

Noeli ilipita salama. Mama yako alikuja, tukala pamoja, hukutajwa kwa ubaya. Hukutajwa. Tobias alileta wajukuu mlangoni wakanisalimia, yeye akasubiri barabarani. Mvua za Desemba zilikuwa nzuri, milimita mia mbili na arobaini na moja.

Hongera kwa nafasi. Nasema kutoka moyoni, usitafute kitu kingine humo.

Ukurasa wa 143 usiufunge. Ukiufunga leo watasema nimekutuma, nami nimeshachoka kusemwa kwa mambo niliyofanya, sina nguvu ya kusemwa kwa nisiyoyafanya. Halafu ule ndio mkataba pekee wa lile shamba uliowahi kuandikwa. Aidan ameupeleka kata ukapigwa muhuri. Waache waliofungua mia mbili na kumi na saba waongezeke.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umesema unasikitika kwa kilichotokea. Nyumba huungua kwa radi, tukasema imetokea. Mimi nilikuwa natafuta jina la mtu kwenye hiyo sentensi, sikuliona.

Sasa madaftari. Ni kweli nilisema yatakuwa yako, na niliposema nilimaanisha. Ni thelathini na mawili, moja limeliwa pembe na panya. Mwezi wa kumi na mbili niliyabeba yote kwa baiskeli nikayapeleka shule ya msingi. Mwalimu mkuu ameyapangia rafu darasani, na kila daftari nimeliandika jina langu lote kwa kalamu ya wino. Tumekubaliana hayatoki nje ya shule. Anayetaka asomee pale, mkulima, mwanafunzi, mtu wa mahindi, mtu wa Japani akija. Watoto wa darasa la sita wameshaanza kubishana mwaka upi ulikuwa wa njaa. Bibi mmoja wa huku, hajui kusoma, alikwenda akaomba asomewe siku aliyozaliwa mwanawe, kama kweli ilinyesha. Ilinyesha.

Wewe ndiye uliyenifundisha hilo, kwamba kilicho kabatini kinamfaa mmoja na kilicho wazi kinawafaa wote. Ulikuwa na haki. Zamani ungeyasoma jikoni kwangu, nikikueleza kwa nini mwaka fulani nimeruka wiki mbili na kwa nini ukurasa fulani una doa. Hayo hayakuandikwa mle.

Kwa hiyo Februari njoo. Shule inafunguliwa saa mbili asubuhi, inafungwa saa nane na nusu. Mezani kuna kitabu cha wageni. Utaandika jina, utokako, na sababu ya kuja, kama wanavyoandika wengine.

Tadei Ignatio Kinunda
Mkulima, Namswea